Adrian Atiman: Tabibu na Katekista wa Karema

Katika miteremko ya Mlima Meru, kanisa na hospitali ni majirani wa siku nyingi. Hospitali ya Nkoaranga ilikua kando ya kituo cha misioni kilichoanzishwa mwaka 1902. Hospitali ya Selian iko Ngaramtoni, na katikati ya jiji la Arusha imesimama hospitali nyingine ya Kanisa la Kilutheri. Kwa sababu hiyo, katika sharika nyingi za eneo hili mzee wa kanisa, mwanakwaya au mwalimu wa shule ya Jumapili mara nyingi ndiye muuguzi, mkunga au tabibu wa siku za juma. Watu hao hujiuliza kama wana kazi mbili au wito mmoja. Miongoni mwa Wakristo wa kwanza kulijibu swali hilo katika nchi hii kwa maisha yao yote alikuwamo mtu wa kanisa jingine, Kanisa Katoliki, aliyeishi mbali na Meru, huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Jina lake ni Adrian Atiman. Yafaa akumbukwe katika jubilei ya usharika huu, kwa kuwa urithi wa mashahidi wa Kristo ni wa Wakristo wote.

Atiman alizaliwa takriban mwaka 1866 karibu na Mto Niger, jirani na mji wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo inaitwa Mali. Alipokuwa bado mtoto alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa, akavushwa jangwa la Sahara na kufikishwa Aljeria. Huko, karibu mwaka 1876, alikombolewa kwa fedha na Wamisionari wa Afrika, ambao wengi huwajua kwa jina la Mapadri Weupe. Hivyo kabla hajafikisha umri wa kijana, mtu huyu alikuwa amekwisha kupangiwa bei. Hakurudi tena kwa wazazi wake.

Mwanzilishi wa shirika hilo alikuwa Kardinali Lavigerie. Huyu aliamini kwamba Injili haitatia mizizi katika Afrika ikiwa itahubiriwa na wageni peke yao, na kwamba Waafrika wenyewe ndio watakaowafikia Waafrika wenzao. Alitambua pia kwamba mganga hukaribishwa hata katika nyumba ambayo mhubiri hufungiwa mlango. Basi mwaka 1881 alianzisha chuo katika kisiwa cha Malta, akawapeleka huko vijana waliokombolewa utumwani ili wasomee utabibu pamoja na mafundisho ya dini. Hawakukusudiwa kuwa mapadri. Walikusudiwa kuwa walei, waoe, wajenge nyumba zao, na waishi kati ya watu kama matabibu na walimu wa imani. Atiman alikuwa mmoja wao.

Mwaka 1888 alimaliza masomo, akasafiri kwa bahari hadi Zanzibar. Kutoka pwani alikwenda kwa miguu na msafara, safari ya kiasi cha kilomita elfu moja, akafika Karema mwaka 1889. Ngome ya Karema ilikuwa imejengwa na Wabelgiji waliotumwa na Chama cha Kimataifa cha Afrika, ambacho Mfalme Leopold wa Pili alikuwa mkuu wake, kisha ikakabidhiwa kwa wamisionari mwaka 1885. Wakati huo nchi za pande zote mbili za ziwa zilikuwa bado zikisumbuliwa na biashara ya watumwa. Misioni ilikuwa kimbilio la watu waliokombolewa au waliotoroka, wengi wao wakiwa hawana ndugu. Tabibu aliyetumwa kwao aliijua hali yao kuliko mtu yeyote aliyetoka Ulaya, maana yeye mwenyewe alikuwa amepitia njia hiyo hiyo.

Atiman alimwoa Agnes, binti wa Kibende, na hivyo akawa mkwe wa nchi ile. Mtoto wao, Joseph, baadaye alipewa daraja la upadri. Kwa miaka 67, tangu mwaka 1889 hadi kifo chake, Atiman aliishi na kufanya kazi Karema. Alitibu wagonjwa, akapasua na kushona majeraha, akafundisha wakatekumeni na kuwaandaa kwa ubatizo. Utawala wa Wajerumani ulikuja na kuondoka, Vita Kuu ya kwanza ikapita, Waingereza wakashika nchi, na mapadri wa misioni wakabadilishana zamu. Tabibu alibaki. Wazee wa Karema walioumwa utotoni walimwona akiwatibu wajukuu wao.

Katika maisha haya limo jambo linalodai kutafakariwa kwa makini. Kardinali aliutazama uganga kama ufunguo wa kufungulia mlango wa Injili. Fikra hiyo ilizaa matunda mengi, lakini ina hatari yake. Mgonjwa anaweza kugeuzwa kuwa njia ya kumpata muumini, na dawa ikawa chambo. Tena, Atiman mwenyewe hakujichagulia mwanzo wa safari yake. Alitekwa na wengine, akanunuliwa na wengine, akasomeshwa na kutumwa kwa mpango wa wengine. Mtu angeweza kusema kwamba huu haukuwa wito, bali amri juu ya amri.

Jibu limo katika miaka ile 67. Mtu aweza kutumwa mahali kwa mwaka mmoja au miwili kwa amri. Lakini kubaki hapo hadi uzee, kuoa hapo, kulea hapo na kuzikwa hapo, ni kuipokea kazi kwa moyo wa mtu mwenyewe. Na mgonjwa anayetibiwa na mtu yule yule kwa maisha yake yote hawezi kuwa chambo cha siku moja. Amekuwa jirani. Jirani hutibiwa kwa sababu anaumwa, na huambiwa habari za Kristo kwa sababu anapendwa. Katika Karema mambo hayo mawili yalitoka katika mkono mmoja na kinywa kimoja.

Hapa Mlutheri hukutana na fundisho analolijua. Martin Luther alifundisha kwamba wito wa Mungu haukuwekwa kwa ajili ya watawa na makasisi pekee, bali kila kazi halali inayomsaidia jirani ni mahali pa kumtumikia Mungu. Atiman hakuwekewa mikono ya ukasisi. Alikuwa mume, baba, tabibu na mwalimu. Hata hivyo ni wachache waliolitumikia kanisa katika pwani ile ya ziwa kwa muda mrefu kuliko yeye. Luka naye, ambaye Mtume Paulo anamtaja kama tabibu mpendwa, aliliachia kanisa Injili na kitabu cha Matendo ya Mitume.

Yafaa pia kukumbuka nyakati. Wamisionari Ewald Ovir na Karl Segebrock walipouawa Akeri mwaka 1896, kabla kazi ya Kilutheri haijasimama Meru, tabibu huyu Mwafrika alikuwa amekwisha kutimiza miaka saba katika kituo chake. Kwa hiyo ushuhuda wa Mwafrika anayeponya na kufundisha si tunda la siku za karibuni. Ni wa kale kuliko sharika nyingi za nchi hii.

Mwaka 1946 masimulizi ya maisha yake, aliyoyatoa mwenyewe, yalichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Katika uzee wake alitunukiwa nishani kwa utumishi wake. Alifariki mwaka 1956, akiwa na umri wa takriban miaka 90, miaka mitano kabla ya Uhuru. Jina lake limepewa hospitali ya Kanisa Katoliki mjini Sumbawanga, na nyumba ya Wamisionari wa Afrika jijini Dar es Salaam.

Mtoto aliyewekewa bei jangwani alitumia maisha yake yote kuwahudumia watu ambao nao walikuwa wamewekewa bei. Muuguzi wa Nkoaranga, mkunga wa Selian na tabibu wa zahanati ndogo kijijini wanayo haki ya kumhesabu kuwa mtangulizi wao. Anapovaa sare ya kazi alfajiri ya Jumatatu, mtumishi wa namna hiyo hajaiacha ibada ya Jumapili nyuma yake. Anaiendeleza kando ya kitanda cha mgonjwa.