Kisa cha Alexander Fleming

Alexander Fleming alizaliwa Uskoti mwaka 1881. Katika Vita Vikuu vya Kwanza aliwatibu askari nchini Ufaransa, akaona wengi waliookoka risasi wakifia hospitalini kwa vidonda vilivyooza. Mwaka 1928, mjini London, aligundua penisilini. Florey na Chain ndio walioifanya tiba. Akihutubia kwa Tuzo ya Nobel mwaka 1945, mwanasayansi huyu aligeuka mtambaji: alisimulia kisa cha mume mwenye maumivu ya koo aliyejinunulia penisilini, akatumia haba, bakteria wakawa sugu, kisha akamwambukiza mkewe. Dawa ikashindwa, mke akafa. Miaka michache baadaye usugu huo ulikuwa umeenea katika wodi za London, ukibebwa hata na wauguzi wenyewe. Fleming alifariki mwaka 1955. Mume yule angalipo, Kitui na Makueni pia: hununua vidonge viwili dukani bila cheti cha daktari, na mkewe ndiye afikaye wodini.