Edward Jenner na Maradhi ya Ndui

Zamani wazazi hawakuogopa maradhi yo yote kama ndui. Ilipoingia katika nyumba, ilitoka kwa mtoto huyu ikamshika yule. Wengi walikufa, na waliopona walibaki na makovu usoni, wengine vipofu. Dawa ya kuiponya haikuwapo. Lakini aliyeugua mara moja akapona hakuugua tena. Kwa hiyo watu wa nchi nyingi walitwaa usaha wa mgonjwa wa ndui, wakamchanja nao mtu mzima wa afya, ili augue kidogo tu. Mara nyingine aliugua sana akafa, au akawaambukiza jirani zake.

Edward Jenner alizaliwa mwaka 1749 katika mji mdogo wa Berkeley, Uingereza. Baba yake, aliyekuwa kasisi, alikufa mtoto akiwa na miaka 5. Alipokuwa na miaka 8 alichanjwa kwa desturi ile ya kale: alitolewa damu, akanyimwa chakula hata akakonda, kisha akafungiwa bandani pamoja na watoto wengine waliochanjwa.

Alipokuwa kijana alijifunza utabibu, na mwaka 1770 akaenda London kwa John Hunter, mpasuaji hodari, aliyewazoeza wanafunzi wake kujaribu na kuangalia kwa macho yao kuliko kukisia. Kisha akarudi kwao Berkeley kuwatibu watu wa mashamba.

Huko wakulima walikuwa na habari yao. Ng'ombe hushikwa na ndui yao, nayo humpa mkamuaji vipele vya mikono visivyo na hatari. Walisema kwamba aliyepata vipele hivyo haambukizwi ndui ya watu. Hata mkulima mmoja, jina lake Benjamin Jesty, alikwisha kumchanja mkewe na wanawe wawili kwa usaha wa ng'ombe mwaka 1774, naye hakuwa tabibu. Wenye elimu wengi waliyaona hayo kuwa maneno ya wajinga. Jenner aliyasikiliza, akayachungua miaka mingi.

Tarehe 14 Mei, 1796, alitwaa usaha katika mkono wa mkamuaji Sarah Nelmes, akamchanja James Phipps, mtoto wa miaka 8, mwana wa mtunza bustani yake. Mtoto akashikwa na homa kidogo, akapona upesi. Ndipo ilipokuja siku ya kutisha. Tarehe 1 Julai Jenner alimchanja tena, safari hii kwa usaha wa ndui yenyewe. Kama wakulima walikosa, mtoto wa maskini angaliweza kufa kwa mkono wa tabibu wake. Siku hizi tabibu haruhusiwi kumjaribu mtoto hivi. Siku zikapita, na James hakuugua.

Jenner aliandika habari hizo, lakini chama kikubwa cha wataalamu cha London hakikukubali kuzichapa. Akawajaribu watu wengine, na mwaka 1798 akatoa kitabu kwa fedha yake mwenyewe. Wengine walimcheka, wakachora picha za watu waliochanjwa wakiota vichwa vya ng'ombe mwilini. Lakini chanjo ikaenea. Mwaka 1803 mfalme wa Hispania alituma merikebu Amerika yenye watoto yatima 22. Walichanjwa wawili wawili kwa zamu, ili usaha usife njiani. Hivyo watoto ndio walioibeba dawa katika miili yao kuvuka bahari.

Bunge la Uingereza lilimpa Jenner paundi 10,000 mwaka 1802, na 20,000 mwaka 1807. Lakini kazi yake iliyo njema kuliko zote aliifanya katika kibanda cha bustani yake, alimowachanja maskini bila malipo. Mtu asiye na fedha alimleta mwanawe mzima, akarudi naye nyumbani hana tena hofu ya ndui. James Phipps naye alipewa nyumba akae bila kodi, na Jenner alipokufa mwaka 1823, alikuwapo mazikoni.

Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, mwaka 1977. Naye akapona. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imekwisha duniani kote.