Gustav Theodor Fechner: Mpimaji wa Mistatili na Ladha ya Jicho

Sisi tulio katika taaluma ya fasihi tumezoea kuamini kwamba uzuri ni jambo la moyo, wala haupimiki kwa rula. Yuko msomi mmoja wa Ujerumani ambaye hakuridhika na imani hiyo. Gustav Theodor Fechner alitaka kujua iwapo macho ya watu wengi, yakiulizwa swali moja kwa utaratibu mmoja, yangetoa jibu linaloelekea upande mmoja. Kutaka kwake kujua kulimgharimu macho yake mwenyewe.

Fechner alizaliwa tarehe 19 Aprili 1801 katika kijiji cha Gross Särchen, ambacho leo kiko nchini Poland. Babaye alikuwa mchungaji wa kanisa, naye alifariki Gustav angali mtoto wa miaka mitano. Kijana huyu alijiunga na Chuo Kikuu cha Leipzig kusomea udaktari, na mji huo hakuuhama hadi kufa kwake. Tiba haikumkaa moyoni. Mwaka wa 1821, akijificha nyuma ya jina la Dr. Mises, aliandika tashtiti iliyodai kuthibitisha kwamba mwezi umeumbwa kwa madini ya aidini, akiwakejeli matabibu wa wakati ule waliokuwa wakiitumia dawa hiyo kwa kila ugonjwa. Alijikimu kwa kutafsiri vitabu vya Kifaransa vya fizikia na kemia, na mwaka wa 1834 akawa profesa wa fizikia.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alichokitaka Fechner hakikuwa mvunguni bali juani. Katika kuchunguza taswira zinazobaki machoni baada ya kutazama mwanga, alilikodolea jua kupitia vioo vya rangi. Kufikia mwaka wa 1840 macho yalikuwa yameharibika, mwili umedhoofu na kazi ya uprofesa imemshinda. Alijifungia gizani, macho yamefunikwa, akila kwa shida na kuogopa miale yoyote ya nuru. Mkewe, Clara, ndiye aliyemwuguza. Mwaka wa 1843 aliufungua uso wake bustanini, na maua aliyoyaona yakamng'aria kana kwamba yana uhai wa ndani. Mwaka wa 1848 alichapisha kitabu kuhusu nafsi ya mimea.

Asubuhi ya tarehe 22 Oktoba 1850, angali kitandani, alipata wazo kwamba uhusiano wa mwili na nafsi unaweza kuelezwa kwa hesabu. Ernst Heinrich Weber, aliyekuwa mwalimu wake, alikuwa ameonyesha kwamba tofauti tunayoweza kuihisi hutegemea ukubwa wa kile kilichokuwapo awali. Mshumaa mmoja ukiongezwa kwa mwingine, chumba huonekana kung'aa zaidi. Ukiongezwa kwa mia moja, ni vigumu mtu kutambua. Fechner alihitimisha kuwa kichocheo kinapokua kwa kuzidishwa, hisi hukua kwa kujumlishwa. Kitabu chake cha mwaka wa 1860 ndicho kilichoasisi saikofizikia.

Kisha akaugeukia ujumi. Adolf Zeising alikuwa amedai mwaka wa 1854 kwamba uwiano wa dhahabu, takriban 1 kwa 1.618, ndio siri ya uzuri wote. Fechner hakubisha kwa maneno matupu. Alikata mistatili kumi ya karatasi nyeupe ngumu, yote ikiwa na eneo sawa, kuanzia mraba hadi mstatili wa 2 kwa 5. Aliitandaza juu ya meza nyeusi, akamtaka kila mshiriki achague unaompendeza kuliko yote na unaomchukiza kuliko yote. Matokeo aliyoyachapisha mwaka wa 1876 yalionyesha kwamba mstatili wa dhahabu ulipata asilimia 35 ya chaguo, wala hapakuwa na aliyeukataa. Hata hivyo, alipopima picha katika majumba ya makumbusho, alikuta uwiano wake ni mfupi kuliko wa dhahabu, naye hakulificha hilo.

Si kila jaribio lilifua dafu. Katika maonyesho ya Dresden ya mwaka wa 1871, aliwaomba wageni waandike maoni yao kuhusu picha mbili za Holbein. Kati ya wageni zaidi ya 11,000, walioandika walikuwa 113 tu, na wengi wao hawakufuata maagizo.

Fechner aliaga dunia tarehe 18 Novemba 1887. Watafiti waliomfuata hawakuafikiana kuhusu mistatili yake. Baadhi walionyesha kwamba chaguo la mtu hutegemea pia mistatili mingine iliyowekwa kando. Lakini utaratibu wake ungali hai. Mwanafunzi wa saikolojia wa leo huichora mistatili kwa programu ya tarakilishi, akitaja upana, kimo, mahali kwenye kiwambo na rangi ya ndani. Akibadilisha upana pasi na kurekebisha kimo, eneo nalo hubadilika, na hatajua tena iwapo mshiriki amependa umbo au ukubwa. Mtego huo Fechner aliuepuka kwa mkasi na karatasi. Nasi tunaohakiki mashairi tuna la kujifunza kwake: kabla ya kutangaza kwamba kazi fulani inawapendeza watu, tuwaulize watu wenyewe, tena kwa namna ambayo jibu lao linaweza kutukosoa.