Gene Roddenberry: Polisi aliyebuni Star Trek na mashabiki waliokataa ife

Unakumbuka Sense8, ile tamthilia ya Netflix ambayo sehemu yake ilipigwa Nairobi? Ilikatwa mwaka 2017, mashabiki wakapiga kelele mitandaoni, na mwaka uliofuata ikarudishwa kwa sehemu moja ndefu ya kufungia hadithi. Wengi tulidhani huo ni mchezo wa zama za hashtagi. Kumbe mwaka 1968, hata simu ya mkononi bado, Wamarekani walishafanya hivyohivyo kwa bahasha na stempu.

Kipindi walichokitetea ni Star Trek. Na nyuma ya barua zile, kimyakimya, alikuwepo mwenye kipindi chake: Gene Roddenberry.

Jamaa alizaliwa El Paso, Texas, tarehe 19 Agosti 1921, akakulia Los Angeles, mtoto wa polisi. Vita vya Pili vya Dunia vilimkuta rubani wa ndege za mabomu za B-17 huko Pasifiki. Mwaka 1943 ndege yake ilishindwa kuruka, ikapitiliza njia na kuungua. Wenzake wawili wakafa.

Baada ya vita akaajiriwa na shirika la ndege la Pan Am. Juni 1947 alikuwa ndani ya ndege iliyotoka Karachi kwenda Istanbul ilipowaka moto na kuanguka usiku kwenye jangwa la Syria. Watu zaidi ya 10 walikufa. Yeye, akiwa amevunjika mbavu, alisaidia kuwatoa abiria kwenye moto. Mwaka uliofuata akaacha kazi na kwenda Los Angeles kutafuta maisha ya uandishi wa runinga.

Maisha hayakuja haraka. Akajiunga na polisi kama baba yake, na kati ya kazi alizopewa ni kumwandikia hotuba mkuu wa polisi wa jiji. Usiku anaandika za kwake. Mwaka 1956 akavua sare, akawa mwandishi wa kudumu, hasa wa hadithi za wachunga ng'ombe wenye bastola.

Kilichomsukuma kwenda anga za juu ni kukataliwa. Katika tamthilia yake ya wanajeshi, The Lieutenant, alitayarisha sehemu kuhusu ubaguzi wa rangi, na kituo cha NBC kikagoma kuirusha. Roddenberry akapata akili: ukitaka kusema jambo zito, lipeleke kwenye sayari nyingine na uwape watu ngozi ya bluu. Wakubwa hawatashtuka.

Hata hivyo, sehemu ya majaribio ya Star Trek ilikataliwa na NBC, wakaona inafikirisha mno. Bahati yake, studio ya Desilu ilikuwa chini ya mchekeshaji maarufu Lucille Ball, na mama huyo akaendelea kuibeba wakati watu wake wanaogopa gharama. NBC nao wakaagiza jaribio la pili, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Tarehe 8 Septemba 1966 kipindi kikaruka hewani.

Hapa na sisi tumo. Nichelle Nichols, kwa maelezo yake mwenyewe, alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya iitwayo Uhuru, inayohusu Kenya. Neno hilo likageuzwa kidogo, likawa jina la afisa wa mawasiliano wa chombo: Uhura. Na katika sehemu ile ya kwanza kabisa kurushwa, kuna kiumbe kinajigeuza mwanaume na kumsemesha Uhura Kiswahili. Lafudhi, tuseme ukweli, inachekesha. Lakini fikiria ni mwaka 1966, runinga ya Marekani, mwanamke mweusi ni afisa, na lugha yake ni hii unayoisoma sasa hivi.

Baada ya msimu wa kwanza Nichols alimpa Roddenberry barua ya kuacha kazi. Aliyembadilisha mawazo ni Martin Luther King, aliyemweleza kuwa yeye na familia yake wanakitazama kipindi na kwamba nafasi ile haipaswi kuachwa wazi. Akarudi kazini.

Barua za 1968

Tatizo likawa namba. Vipimo vya watazamaji vilionyesha Star Trek inapitwa, na uvumi ukaenea kuwa NBC inaizima. Mashabiki wawili, Bjo Trimble na mumewe John, wakaanza kuwaelekeza wenzao namna ya kuandika barua. Wanafunzi wa chuo cha Caltech nao wakaandamana hadi ofisi za NBC huko Burbank. Roddenberry alikuwa akichochea na kusaidia chinichini, huku kwa nje anaonekana hahusiki.

NBC ilipokea barua zaidi ya 100,000. Machi 1968 ikatangaza hewani kwamba kipindi kinarudi.

Furaha haikudumu. Msimu wa tatu ulisukumwa Ijumaa saa nne usiku, muda ambao vijana waliokipenda wako matembezini. Roddenberry alikuwa ametishia kujiondoa kama wangefanya hivyo, na kweli akabaki mkuu kwa jina tu. Kwa maoni yangu hapo aliwaangusha waliomwandikia. Tarehe 3 Juni 1969 sehemu ya 79 ikarushwa, ikawa ndiyo mwisho. Wiki chache baadaye binadamu akatua mwezini.

Kisha vituo vidogo vya miji vikanunua marudio na kuyarusha kila siku mapema jioni. Watoto wakitoka shule wanakuta Star Trek. Mwaka 1972 mashabiki waliandaa mkutano New York wakitarajia watu mia kadhaa, wakaja maelfu. Yaani kipindi kilichoitwa hasara kilikuwa kinakua kikiwa kimeshakufa.

Mwenyewe hali yake haikuwa nzuri. Tamthilia nyingine alizojaribu ziligoma kusimama, akawa anaishi kwa kualikwa vyuoni kuzungumza. Mashabiki ndio walimlisha.

Mwaka 1976 wakaandika barua tena, safari hii kwa Rais Ford, na chombo cha kwanza cha aina ya shuttle cha NASA kikapewa jina Enterprise. Roddenberry na waigizaji walihudhuria uzinduzi. Chombo chenyewe kilikuwa cha majaribio, hakikuwahi kufika anga za juu.

Tusimfanye malaika. Wimbo wa Star Trek aliutunga Alexander Courage. Roddenberry akauandikia maneno ambayo hayakutumika kwenye kipindi, ili tu achukue nusu ya malipo. Mengi yaliyopendwa, wakiwemo Waklingoni, yalitoka kwa mwandishi mwenzake Gene L. Coon, lakini sifa zilimwendea yeye.

Naye yakamkuta. Filamu ya kwanza, ya mwaka 1979, ilizidi bajeti, na Paramount ikamweka pembeni kama mshauri wa filamu zilizofuata. Alisikilizwa, kisha wakafanya yao.

Alirudi mwaka 1987 na The Next Generation. Safari hii hapakuwa na NBC wala kituo kingine kikubwa cha kuomba: Paramount iliuza kipindi moja kwa moja kwa vituo vya miji, njia ileile iliyookoa marudio. Kikadumu misimu 7.

Hakuuona mwisho wake. Alifariki kwa mshtuko wa moyo tarehe 24 Oktoba 1991, akiwa na miaka 70, siku chache baada ya kuonyeshwa filamu ya sita. Ilipotoka Desemba ilianza kwa kumkumbuka. Mwaka 1992 sehemu ya majivu yake ilisafiri na chombo cha Columbia, ikarudi duniani. Mengine yalirushwa kwa roketi mwaka 1997, na yakaendelea kuizunguka dunia hadi 2002.