Carl von Rokitansky: Bingwa wa kupasua maiti aliyefumbua fumbo la wanawake wasio na kizazi

MADAKTARI wa magonjwa ya wanawake duniani kote hulitaja jina la Carl von Rokitansky wanapompokea binti aliyekua vizuri, akaota matiti kama wenzake, lakini akapita umri wa miaka 16 bila kuona hedhi. Ajabu ni kwamba mwenye jina hilo hakuwa daktari wa wanawake, wala hakuwa na wodi ya wagonjwa. Kazi yake ilikuwa kupasua maiti.

Rokitansky alizaliwa Februari 19, 1804 katika mji wa Königgrätz, Bohemia, ambao leo huitwa Hradec Králové na umo katika Jamhuri ya Czech. Alisoma Prague, kisha Vienna, makao makuu ya Dola ya Austria, alikohitimu udaktari mwaka 1828.

Alianza kazi akiwa msaidizi wa Johann Wagner katika chumba cha maiti cha Hospitali Kuu ya Vienna. Wagner alipofariki dunia mwanzoni mwa miaka ya 1830, kijana huyo alirithi kisu na meza ya mwalimu wake. Mwaka 1844 alipewa uprofesa kamili wa somo hilo.

Inaelezwa kuwa katika uhai wake alichunguza kwa mikono yake maiti zipatazo 30,000. Kila mwili aliufungua kwa utaratibu ule ule, na kila alichokiona kiliandikwa. Rafiki yake Josef Skoda alisikiliza vifua vya walio hai na kutamka ugonjwa. Mgonjwa akifa, Rokitansky ndiye aliyeonyesha kama Skoda alipatia au alikosea. Hivyo utabibu wa kubahatisha ukaanza kupisha utabibu wa ushahidi.

Mwaka 1838 alichapisha uchunguzi wake kuhusu kasoro za kuzaliwa nazo katika mji wa mimba. Alieleza vizazi vilivyogawanyika mara mbili, na pia miili ya wanawake watu wazima ambao kizazi chao hakikuumbika, kikabaki kama kinundu kidogo tu, na uke nao haukukamilika.

Chanzo cha kasoro hizo kimo tumboni mwa mama. Kichanga wa kike huanza na mirija miwili midogo, mmoja kila upande. Mirija hiyo hukutana katikati na kuungana, ikafanya mirija ya uzazi, mji wa mimba na sehemu ya juu ya uke. Isipoungana sawasawa, kizazi huwa na vyumba viwili au ukuta katikati. Isipokua kabisa, kizazi hakipatikani. Kwa kuwa figo huumbika jirani na mirija hiyo na katika majuma yale yale, baadhi ya wanawake hao huzaliwa na figo moja.

Jambo hilo lilikuwa na uzito mkubwa kwa mwanamke. Katika jamii nyingi, asiyepata hedhi wala mtoto alihesabiwa kuwa amerogwa, amelaaniwa au ameficha kosa la ujana wake. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba maumbile yake yalikwisha kuamuliwa kabla hajazaliwa.

Hata hivyo, chumba kile kilichotoa elimu kilitoa pia mauti. Madaktari na wanafunzi walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuwazalisha akina mama, na homa ya uzazi ikawaua wazazi kwa wingi. Daktari Ignaz Semmelweis, ambaye Rokitansky alimruhusu kuchunguza miili ya wazazi hao, aliutafuta mzizi wa jambo hilo.

Jibu lilipatikana mwaka 1847, pale Jakob Kolletschka, aliyepata kuwa msaidizi wa Rokitansky, alipochomwa kwa kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, akafa kwa dalili zile zile za wazazi. Semmelweis aliagiza mikono ioshwe kwa maji ya klorini. Vifo vilivyozidi wazazi 18 kwa kila 100 mwezi Aprili vilishuka hadi kama wawili mwezi Juni. Wakubwa wengi walimpinga, lakini Rokitansky alisimama upande wake, ingawa ukweli huo uliigusa meza yake mwenyewe.

Naye hakukosa kuteleza. Katika kitabu chake kikubwa kilichotoka kati ya mwaka 1842 na 1846, alidai kuwa magonjwa mengi hutokana na mchanganyiko mbaya wa damu. Rudolf Virchow wa Ujerumani aliikosoa vikali nadharia hiyo, na Rokitansky akaiondoa katika toleo lililofuata.

Mwaka 1852 alichaguliwa kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Vienna, na kuanzia mwaka 1869 aliongoza Chuo cha Sayansi cha Austria hadi alipofariki dunia Julai 23, 1878 akiwa na umri wa miaka 74. Kati ya wanawe wanne, wawili walikuwa madaktari na wawili waimbaji.

Jina lake limebaki katika kasoro iitwayo Mayer-Rokitansky-Küster-Hauser, kwa kifupi MRKH. August Mayer alikuwa ameieleza mwaka 1829, Hermann Küster akaongeza yake mwaka 1910, na Georges Hauser mwaka 1961. Humpata takriban mtoto mmoja kati ya kila watoto wa kike 5,000.

Leo haihitajiki maiti ili kuitambua. Daktari humsikiliza binti, humpima kwa ultrasaundi na MRI, huchunguza kromosomu zake na kutazama figo. Ni lazima atofautishe hali hiyo na ile ya binti ambaye kizazi kipo ila njia imeziba: huyo huumwa tumbo kila mwezi kwa sababu damu hujikusanya ndani, na upasuaji humfungulia njia.

Kwa mwenye MRKH, ovari kwa kawaida ni nzima. Uke unaweza kurefushwa taratibu kwa vifaa laini anavyovitumia mwenyewe kwa miezi kadhaa, na upasuaji hufuata pale njia hiyo inaposhindikana. Yote hayo huanza mhusika akiwa tayari, huku akipata ushauri nasaha, kwani habari ya kukosa kizazi humwumiza moyo.

Kuhusu kuzaa, neno lilikuwa ni haiwezekani hadi Septemba 2014, pale mwanamke wa miaka 36 aliyezaliwa bila kizazi alipojifungua mtoto wa kiume huko Sweden. Timu ya Profesa Mats Brännström wa Gothenburg ilikuwa imempandikiza kizazi cha mwanamke wa miaka 61. Mama huyo alikuwa na figo moja tu, sawa na baadhi ya wale ambao maumbile yao yalianza kueleweka juu ya meza za kupasulia maiti katika karne ya 19.