Hugh Trowell, tabibu aliyeandika habari za maradhi yasiyoonekana

UKIPITA Mowlem wakati wa jioni, huku Eastlands jijini Nairobi, utawakuta wachuuzi wamejipanga kando ya barabara na chapati za unga mweupe, chipsi, mandazi, smokie na soda baridi. Hatua chache kutoka hapo, mlangoni pa duka la dawa, kuna kiti cha plastiki na mashine ndogo ya kupimia presha, na mtu amekunja mkono wa shati akisubiri kuambiwa hali yake. Hakuna mpita njia anayegeuka kumtazama. Presha na kisukari vimekuwa mambo ya kawaida mtaani. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana shinikizo la damu.

Msomaji atastaajabu akielezwa kwamba wako watu walioishi katika nchi hii hii, nao si wa zamani sana, ambao walifanya kazi hospitalini kwa miaka mingi bila kuyaona maradhi hayo kwa Waafrika, au waliyaona kwa nadra mno. Mmoja wao ni marehemu Dkt Hugh Trowell, ambaye alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akijiuliza kwa nini wagonjwa wa aina fulani hawaji.

Hubert Carey Trowell, ndilo jina lake kamili, alizaliwa mwaka 1904, akasomea udaktari katika Hospitali ya St Thomas's jijini London. Mnamo mwaka 1929 aliingia Kenya pamoja na mkewe, Margaret, kuitumikia serikali ya kikoloni. Baada ya miaka sita walihamia Uganda, na huko Trowell akawa tabibu wa Hospitali ya Mulago na mwalimu wa wanafunzi wa udaktari wa Makerere hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Margaret, aliyekuwa msanii, ndiye aliyeanzisha mafunzo ya sanaa hapo Makerere, na chuo cha sanaa kingali na jina lake. Si ajabu basi kwamba mjini Kampala wako wanaomjua mke vyema huku mume wakimsikia kwa mbali tu.

Kilichomtambulisha Trowell kwanza kwa ulimwengu wa udaktari ni njaa, tena njaa isiyofanana na njaa. Alikutana na watoto waliovimba miguu na uso, nywele zao zimekuwa nyekundu na laini, ngozi inabambuka kama iliyoungua. Mtoto kama huyo alionekana mnene kwa mtu asiyejua, kumbe anakufa. Madaktari walibishana vikali. Wapo waliosema ni minyoo, wengine wakashikilia malaria. Trowell naye alidhani ni pelagra, yaani upungufu wa vitamini, na mwaka 1940 aliandika kuuita ugonjwa huo pelagra ya watoto wachanga.

Alikosea. Daktari wa kike aliyekuwa Gold Coast, nchi iitwayo Ghana leo, Cicely Williams, alikuwa tayari ameueleza katika miaka ya 1930 kwa jina la Kiga, kwashiakoo, ambalo ni ugonjwa umpatao mtoto anapopokonywa nafasi yake na mdogo wake aliyezaliwa. Wengine tunauita unyafuzi. Trowell hakung'ang'ania jambo alilokwisha kulichapisha. Alibadili msimamo hadharani, akakubali kwamba kiini cha tatizo ni chakula, na mwaka 1954 yeye na wenzake wa Mulago, Jack Davies na Rex Dean, walitoa kitabu kilichokuja kuwa msingi wa elimu ya ugonjwa huo. Watoto waliopewa maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta walianza kupona katika wodi ambazo awali zilikuwa na vilio kila siku. Kwa maoni yangu, daktari anayeweza kujisahihisha mbele ya wenzake ni adimu kuliko yule anayegundua jambo.

Hata hivyo, wakati akishughulika na watoto hao, jambo jingine lilikuwa likimkera.

Mwaka ule ule alioingia Kenya, 1929, tabibu mwenzake C. P. Donnison alichapisha matokeo ya kazi aliyoifanya katika wilaya ya South Kavirondo, eneo ambalo leo lina Kisii na majirani zake hadi ufuoni mwa ziwa. Donnison aliwapima shinikizo la damu watu 1,000 hivi wenye afya, vijana kwa wazee. Ulaya ilijulikana kwamba shinikizo hupanda kadiri umri unavyosonga, na madaktari waliliona hilo kuwa maumbile ya binadamu, kama mvi. Huko South Kavirondo halikupanda. Kwa wazee lilielekea kushuka. Wala katika wagonjwa waliolazwa kwa muda wa miaka miwili hakumwona hata mmoja mwenye presha ya juu.

Trowell alikuta hali inayofanana na hiyo Mulago. Wodi zilijaa malaria, nimonia, kifua kikuu, kaswende na utapiamlo. Mshtuko wa moyo unaotokana na kuziba kwa mishipa haukuonekana kwa Waafrika. Kisukari kilikuwa haba. Mawe ya nyongo, uvimbe wa kidole tumbo na kufunga choo, mambo yaliyowalaza watu wengi London, yalikuwa machache mno. Ndipo akaanza kuorodhesha yasiyokuwepo. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyosikika, kwa kuwa daktari hufundishwa kumtazama mgonjwa aliye mbele yake, hafundishwi kumtazama asiyekuja.

Majibu mepesi yalikuwepo. Ilisemwa kwamba Waafrika hufa mapema kabla ya kufikia umri wa maradhi ya moyo. Lakini Donnison aliwapima wazee. Ikasemwa ni damu yao, ni kabila lao, ni tabia ya nchi na jua la ikweta. Hoja hii ya mwisho ilivunjwa na Kampala yenyewe. Mwaka 1959 watafiti Shaper na Jones walichapisha ulinganisho wa Waafrika na Waasia waishio Uganda. Waasia waliugua mishipa ya moyo kwa wingi, na kiasi cha kolesteroli katika damu yao kilikuwa juu. Jua liliwaangazia wote sawasawa, mvua iliwanyeshea wote, lakini sufuria zao zilikuwa tofauti.

Kuhusu damu na kabila, jibu lilikuwa limekwisha kuja mwaka 1956. Mwaka huo Trowell na mwenzake Singh waliripoti katika jarida la matabibu wa Afrika Mashariki habari za Mwafrika aliyeugua mishipa ya moyo. Kisa kimoja tu, na bado kilistahili kuandikwa jaridani, jambo linaloonyesha jinsi kilivyokuwa kigeni. Mgonjwa huyo alikuwa jaji wa Mahakama Kuu, mtu mzito wa mwili, aliyezoea mlo wa Kizungu kwa miaka mingi. Uafrika wake haukumkinga.

Mwaka 1960 Trowell alichapisha kitabu kinene juu ya maradhi yasiyoambukiza barani Afrika. Wakati huo alikuwa amekwisha kurudi Uingereza, na hapo akafanya jambo ambalo wengi hawakulitarajia: alitawazwa kuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana, akapewa parokia ya kijiji cha Stratford-sub-Castle karibu na mji wa Salisbury. Kwa takriban miaka kumi alihubiri, akafungisha ndoa na kuzika wafu. Mtu angedhani safari ya utafiti imekoma.

Aliyemrejesha ni Denis Burkitt, daktari wa upasuaji waliyefahamiana Mulago, yule ambaye saratani ya taya la watoto ilipewa jina lake. Burkitt alikuwa ameshika wazo kwamba maradhi mengi ya Ulaya yanatokana na chakula kilichokobolewa mno. Alihitaji mtu mwenye kumbukumbu za nani aliugua nini Afrika Mashariki na lini, na hakuna aliyekuwa nazo kumshinda kasisi wa Stratford-sub-Castle.

Mwaka 1972 Trowell alitoa fasili ya nyuzinyuzi za chakula iliyotumiwa na wengi baada yake: ni mabaki ya kuta za seli za mimea ambayo vimeng'enya vya tumbo la mwanadamu haviwezi kuyasaga. Kitu kilichokuwa kikihesabiwa kuwa makapi ya kulishia mifugo kikawa mada ya mikutano ya kisayansi. Kisha akageukia kumbukumbu za nchi yake mwenyewe. Aligundua kwamba vifo vya kisukari katika England na Wales vilipungua wakati wa Vita Vikuu vya Pili na miaka iliyofuata. Mafuta na sukari vilitolewa kwa mgao wakati huo, ndiyo, lakini Trowell alikazia macho jambo jingine: kuanzia mwaka 1942 serikali iliwalazimisha Waingereza kula mkate wa unga ambao haukukobolewa sana. Kwa Mkenya, hiyo ni tofauti baina ya unga wa gredi ya kwanza wa pakiti na ule uliosagwa mzima kinuni.

Yeye na Burkitt walihariri pamoja vitabu viwili vikubwa, mwaka 1975 na mwaka 1981. Katikati yake, mwaka 1980, Trowell aliandika makala juu ya namna Wakenya na Waganda walivyotoka katika hali ya shinikizo la kawaida hadi shinikizo la juu ndani ya miaka 50, kuanzia 1928 hadi 1978. Humo aliiunganisha kazi ya Donnison na ya kwake, na chumvi akaipa lawama kubwa.

Wako waliomkosoa, na si bila sababu. Nyuzinyuzi peke yake hazielezi kila kitu. Wanakijiji wale walitembea maili nyingi, walilima kwa jembe la mkono, hawakuvuta sigara za dukani, chumvi kwao ilikuwa kidogo na miili yao myembamba. Ni vigumu kulitenga moja na jingine. Zaidi ya hayo, wasomaji wake wengine walitoka na picha ya kijiji cha Kiafrika chenye afya tele, kana kwamba umaskini ni dawa. Trowell mwenyewe asingeweza kudanganyika hivyo. Ndizi na mihogo iliyokingia moyo wa baba ndiyo hiyo hiyo iliyomwacha mtoto aliyeachishwa ziwa akivimba kwa kukosa protini. Alikuwa ameviona vyote viwili katika hospitali moja, akaviandikia vyote.

Lipo swali ambalo hakuweza kulijibu kwa zana za zama zake: ni nini hasa kinachoharibika ndani ya seli? Mwaka 1962, Trowell akiwa kasisi kijijini, Mwitalia Ferruccio Ritossa alichapisha jambo alilolikuta kwa bahati katika maabara mjini Naples. Joto la kabati walimowekwa nzi wa matunda lilikuwa limepanda, na kromosomu zao zikavimba mahali pasipo kawaida. Seli zilikuwa zikijihami. Baadaye ilijulikana kwamba seli ikipatwa na joto au dhiki nyingine hutengeneza protini za pekee, ziitwazo protini za mshtuko wa joto, ambazo kazi yake ni kama ya mafundi: huzinyoosha protini nyingine zilizopinda na kuzizuia zisishikamane ovyo. Kazi ya misuli nayo huziamsha. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba misuli ya wagonjwa wa kisukari cha ukubwani ina upungufu wa mojawapo ya ulinzi huo, na kadiri mwili unavyoikataa insulini ndivyo upungufu unavyozidi. Mwaka 2015 Wafini walieleza kwamba wanaume waliozoea kuoga mvuke wa moto mara nyingi kwa wiki walikufa kwa maradhi ya moyo mara chache kuliko wenzao, ingawa hilo halithibitishi kwamba mvuke ndio uliowaokoa.

Mtu asije akasema basi jua la Nairobi litatutibu. Jua lilimwangazia hata yule jaji. Lakini mkulima aliyetokwa jasho shambani tangu alfajiri aliziamsha protini hizo katika misuli yake kila siku bila kujua, na huenda hapo pana sehemu ya jibu ambayo haikuwamo katika bakuli la Trowell.

Trowell alifariki dunia mwaka 1989, miaka minne baada ya Margaret. Mwaka uliofuata, Neil Poulter na wenzake walichapisha utafiti uliowafuata Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kuja kuishi Nairobi, safari ambayo wakazi wengi wa Mowlem, au wazazi wao, waliifanya kutoka pembe mbalimbali za nchi. Wahamiaji walilinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani. Mapigo ya moyo ya waliohamia yalikuwa ya kasi zaidi, mkojo wao ulikuwa na chumvi nyingi na potasiamu kidogo, na shinikizo la damu lilikuwa limeanza kupanda tangu miezi ya mwanzo mjini. Haikuhitaji miaka 50. Matokeo hayo Trowell hakuwahi kuyasoma.