Mjue Dokta Kegel, aliyewaambia kina mama kisu kisubiri

Najua nimepotea karibu wiki tatu, mniwie radhi, kulikuwa na mambo ya nyumbani. Na hayo hayo ya nyumbani ndiyo yamenifanya niandike leo. Washkaji wa kiume msikimbie, nyie pia mna dada na mna mama.

Dada yangu alijifungua mtoto wa pili mwaka jana. Mtoto mzima, mama mzima, tukamshukuru Mungu. Baada ya miezi kadhaa nikaona sista kabadilika. Kwaya kaacha. Daladala hataki kupanda. Ukimchekesha anakasirika. Siku moja akaniambia ukweli: akikohoa, akicheka au akinyanyua ndoo, mkojo unamtoka. Alienda kuuliza kituo kimoja cha afya, akajibiwa ni kawaida ya mzazi, atazoea. Iliniuma sana jamani. Nikaja hapa kafe, nikalipia saa nzima, nikaanza kutafuta. Ndipo nikakutana na jina la Kegel.

Arnold Kegel alizaliwa Marekani mwaka 1894. Alisomea udaktari, akabobea kwenye magonjwa ya kina mama, na baadaye akawa anafundisha chuo kikuu cha Southern California, mjini Los Angeles. Enzi hizo mama aliyevuja mkojo baada ya uzazi mara nyingi aliishia kwenye upasuaji. Tatizo ni kwamba wengine walipasuliwa, na baada ya muda mkojo ukaanza kutoka tena.

Kegel akaigeukia misuli yenyewe. Pale chini ya nyonga kuna misuli imetandazwa kama kamba za kitanda, ndiyo inayobeba kibofu, mfuko wa uzazi na njia ya haja kubwa. Ujauzito unailemea, na mtoto akipita inavutika. Mimi nalielewa hivi: mtu aliyevunjika mguu akitolewa POP anapewa mazoezi mpaka mguu upate nguvu. Sasa kwa nini misuli ya mzazi iachwe ijitegemee yenyewe?

Akagundua na jambo lingine. Wanawake wengi walikuwa hawajui hata namna ya kuibana. Ukimwambia bana, anabana tumbo au makalio. Basi akatengeneza kifaa kinaitwa perineomita: kimpira kinachoingizwa ukeni, kimeunganishwa na geji, kama ile ya fundi wa matairi. Mama akibana sawasawa, mshale unapanda na anajionea mwenyewe. Kegel alitaka wafanye dakika 20, mara 3 kwa siku. Si mchezo! Mwaka 1948 akachapisha kazi yake kwenye jarida la madaktari wa uzazi la Marekani, akionyesha kuwa mazoezi yanaweza kumrudisha mama kwenye hali yake bila kisu.

Tuwe wakweli lakini, hakuwa wa kwanza. Huko Uingereza mcheza dansi Margaret Morris, aliyesomea pia fiziotherapia, alishaandika kuhusu kubana na kuachia misuli hii mwaka 1936. Kegel yeye alileta kipimo, na jina lake ndilo lililoshika. Alishafariki miaka mingi, ila mazoezi bado yanaitwa Kegel.

Yanafanywaje? Unabana kama mtu anayezuia mkojo na ushuzi kwa pamoja (msicheke!), unashikilia sekunde chache, unaachia kabisa, huku unapumua kawaida. Siku hizi ushauri uliozoeleka ni kubana angalau mara 8, kwa mizunguko 3 kila siku, kwa miezi 3 au zaidi. Usifanye mazoea ya kukata mkojo katikati ukiwa chooni, hilo halifai. Na ukiweza muone mtaalamu wa fiziotherapia, akuhakikishie kama unabana penyewe.

Angalizo moja. Mama akivuja muda wote bila kukohoa wala kucheka, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu, hiyo inaweza kuwa fistula. Fistula haiponi kwa Kegel. Aende hospitali haraka. Hapa kwetu CCBRT ya Dar es Salaam wameitibu kwa miaka mingi.

Na sista? Tulipata mtaalamu kwenye hospitali nyingine, akamfundisha. Mwezi wa kwanza hakuona kitu, akataka kuacha. Mwezi wa tatu ndoo ananyanyua mkavu. Kupiga chafya bado kunamshinda mara moja moja, lakini Jumapili iliyopita karudi kwaya. Kaniruhusu niandike ili mwingine asiambiwe atazoea.

Kama kuna nesi au mtaalamu anasoma hapa, nikosoe kwenye maoni hapo chini. Na wewe mdau, ukifika nyumbani muulize dada yako anaendeleaje.

Nawakilisha.